Mashine Iseme Lini?

Ugomvi huu hurudi afisini kwetu kila mwaka wakaguzi wa hesabu wakija. Kazi za bechi zinazokwenda usiku zitoe logi zote, yaani kumbukumbu za kila zilichofanya, au zinyamaze? Mkaguzi azitaka zote. Mtunza diski hataki hata moja. Mimi nimekaa upande wa mkaguzi nikaungua, nikahamia upande wa diski nikaungua zaidi, na sasa nina maoni yangu ambayo sitarajii yampendeze yeyote kati yao.

Afisi ni ya kampuni moja ya mabohari huku Shimanzi, Mombasa, mahali ambapo makontena hupumzika kati ya bandari na mwenye mali. Kompyuta inayotufanyia hesabu ni ile ambayo watu wazima bado waiita AS/400, jina ambalo IBM waliitoa nalo mwaka 1988. Tangu hapo imebatizwa mara kadhaa, na toka 2008 mfumo wake waitwa IBM i. Vijana wa vyuo wakija kwa mafunzo huiona ile skrini nyeusi yenye maandishi ya kijani wakatazamana. Wiki mbili zikipita hawatazamani tena. Mashine yenyewe haijatuangusha. Kila tulipoanguka tulijikwaa kwa miguu yetu.

Mchana watu huingiza habari: kontena limeingia, limetoka, limelipiwa. Usiku ndipo kazi nzito hufanyika pasipo mtu mbele ya skrini: kuhesabu ada ya hifadhi ya kila kontena, kutoa bili, kufunga siku, kuweka nakala za akiba. Hizo ndizo kazi za bechi. Kila kazi hubeba daftari lake, yaani logi: amri ilizopewa, majibu iliyopata, makosa iliyokutana nayo njiani. Kazi ikimalizika, daftari hilo ama hutupwa, ama hugeuzwa faili ya spuli iitwayo QPJOBLOG, ikakaa kwenye foleni ikingoja kuchapishwa. Nani aamua litupwe au liandikwe, na wakati gani? Wengi hawajui kuwa wana hiari katika jambo hili. Huendelea na walichorithi.

Sisi tulirithi kelele. Nilipoajiriwa, chumba cha mashine kilikuwa na mzee mmoja opereta, mtu wa Likoni, aliyevuka na feri ya alfajiri akiwa na chupa yake ya kahawa. Pembeni mwake palikuwa na printa kubwa ya karatasi za kukunjana zenye vitobo kandokando. Kila logi ya kila kazi ilichapishwa. Masika yakiingia karatasi zilikunywa unyevu, zikavimba, zikakwama, na mzee akawa hana kazi nyingine ila kuzivuta. Siku moja nilimuuliza, "Mzee, hizi zote wazisoma?"

"Mwanangu," akanijibu bila kugeuka, "mimi nasoma ile iliyokwama. Nikiivuta, macho hayana budi kuona."

Nilicheka wakati ule. Baadaye nikaelewa kuwa alikuwa amenieleza tatizo lote. Rundo lile la karatasi lilikuwa na habari za kila kosa lililowahi kutokea, na hapakuwa na mja wa kuzipata humo. Jioni lilikwenda kufungia viazi karai.

Printa ilipokufa hakuna aliyeisikitikia, lakini mpangilio ulibaki vilevile. Logi ziliendelea kuandikwa, ila sasa hazikuwa na mlango wa kutokea. Ziliketi kwenye diski. Kisha akaja mkaguzi mmoja akaandika katika ripoti yake kwamba kazi zote za usiku ni lazima ziwe na kumbukumbu kamili. Nikiwa kijana mwenye hamu ya kuonekana mtiifu, nikaingia kwenye JOBD zote nikaweka LOG(4 00 *SECLVL).

Hapa inafaa nieleze, maana herufi hizi ndizo zenye fitina. JOBD ni fomu ya maelezo ambayo kazi nyingi hutumia kwa pamoja, na ndani yake kuna pahali paitwapo LOG penye vipande vitatu. Cha kwanza ni kiwango, 0 hadi 4. Ukiweka 0 hakiandikwi kitu, ukiweka 4 huandikwa kila kitu. Cha pili ni uzito wa ujumbe, 00 hadi 99. Ukiweka 30, ujumbe ulio mwepesi kuliko hapo hautiwi daftarini. Cha tatu husema maandishi yatoke namna gani. *MSG ni ujumbe wenyewe tu. *SECLVL ni ujumbe pamoja na maelezo yake marefu. Na *NOLIST, ambayo watu huisoma wakadhani maana yake ni "kamwe", husema hivi: kazi ikimalizika salama, chana daftari, ikimalizika vibaya, andika lote, pamoja na maelezo. Kila kazi ikimalizika huacha namba ya mwisho, na vibaya ni kuanzia 20 kwenda juu. Sifuri ni salama.

Kwa hiyo mimi na *SECLVL yangu niliiamrisha mashine iandike maelezo marefu ya kila ujumbe wa kila kazi, hata ule ujumbe wa kusema "faili imefunguliwa". Miezi ikapita. Foleni ya matokeo ikawa ukiifungua unaweza kwenda kununua mahamri ukarudi ndipo ijae skrini. Na kuna jambo ambalo wengi hawalijui: kazi ambayo faili yake ya spuli bado iko kwenye foleni, mfumo kwa kawaida hauisahau. Huendelea kuishikia nafasi katika jedwali la kazi, kama maiti asiyezikwa. Tukawa na maelfu ya kazi zilizokufa zamani na zingali zimeandikishwa. Usiku wa mwisho wa mwezi diski ikavuka asilimia 90, kile kizingiti ambacho mfumo hukiweka wenyewe usipokibadilisha, na ujumbe CPF0907 ukaanza kumwagika kwenye foleni ya opereta, ukionya kuwa nafasi inakwisha. Nilikuwa nyumbani. Niliuona asubuhi, baada ya kuandamwa na simu tatu.

Basi nikafanya ambalo kila mtu aliyeaibika hufanya: nikageuka mia kwa mia. JOBD zote nikazitia LOG(4 00 *NOLIST). Foleni ikawa nyeupe. Usingizi ukawa mtamu. Nilimweleza meneja kwamba sasa tukiona logi, tujue kuna kazi iliyokufa. Na tusipoona, mambo ni shwari. Alipenda sana sentensi hiyo. Hata mimi niliipenda.

Kimya kingi kina mshindo, walisema waliotutangulia. Mshindo wetu uliletwa na mfanyabiashara wa mitumba wa Kongowea aliyepiga simu kuuliza mbona bili yake ya hifadhi haijaja wiki nzima. Kwanza nishangae: mteja anayedai aletewe bili! Mungu amzidishie. Nikafungua, na kumbe hakuwa peke yake. Kazi ya kuhesabu ada ilikuwa inaanza kila usiku, inakosa faili moja ambayo mwenzetu alikuwa ameihamishia maktaba nyingine humo ndani ya mashine, na inamalizika salama. Salama! Namba ya mwisho sifuri. Na kwa vile ilimalizika salama, *NOLIST ikachana daftari kama nilivyoiamuru. Siku saba, hakuna hata mstari mmoja.

Ilikuwaje kazi ikose faili kisha ijitangaze mzima? Nilipoisoma programu nililiona lile pambo la waandishi wavivu wa CL, lugha ya amri za mashine hii, juu kabisa ya programu: MONMSG CPF0000, na mbele yake amri ya kuruka hadi mwisho. Maana yake ni kwamba kosa lolote la jamii ya CPF, yaani ujumbe wa mfumo wenyewe, litakalotokea, lidakwe, programu iende mwisho, iage kwa adabu. Aliyeiandika alitaka kazi isisimame usiku ikamwamsha mtu. Namwelewa. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na aliyelia nilikuwa mimi, na idara ya hesabu iliyolazimika kutoa bili za siku saba kwa mkono.

Hapa ndipo maoni yangu yalipo, na ndiyo sababu ya kuandika. Watu hubishana kuhusu mpangilio wa logi kana kwamba ndio unaoamua lini mashine iseme. Sivyo hata kidogo. *NOLIST ni mpangilio mzuri kabisa, nao ndio nitakaouweka kwenye kazi nyingi hadi nistaafu, lakini huamini neno la programu. Programu ikisema "nimekufa", hutoa daftari. Programu ikisema "sijambo", hulichana. Ukinyamazisha logi kabla hujahakikisha kuwa programu zako zikifa hukiri kuwa zimekufa, umezima kengele na kumwachia mwongo alinde nyumba.

Kwa hiyo kazi yangu ya miezi iliyofuata haikuwa kwenye logi. Ilikuwa kwenye programu za CL, moja baada ya nyingine. Kudaka kosa si dhambi. Dhambi ni kulimeza. Sasa programu ikidaka kosa isilolitarajia hufanya usafi wake, kisha kabla ya kuondoka hutuma ujumbe wa aina ya *ESCAPE, ule wa kukiri kushindwa, kwa kawaida CPF9898, tukiandika humo kwa Kiswahili chetu kilichotokea: "Ada hazikuhesabiwa, faili ya viwango haikupatikana." Ujumbe huo una uzito wa 40. JOBD zetu zimewekwa ENDSEV 30, yaani kazi ya bechi ikipata ujumbe wa namna hiyo wenye uzito wa 30 au zaidi bila wa kuudaka, inakatwa. Hupata namba 20, na *NOLIST ikiiona 20 huandika daftari lote. Ukiutazama mnyororo huo kwa makini utaona hakuna pahali nilipoiambia mashine "toa logi". Niliiambia programu iseme kweli, basi.

Kuna lingine ambalo mnyororo huo haulikamati. Kazi inaweza kumalizika salama kwa haki, bila kosa lolote, na bado ikawa haikufanya kitu: ilisoma faili, ikakuta rekodi sifuri, ikashukuru ikaondoka. Kwa mashine hilo si kosa. Kwa bohari lenye makontena uwanjani, rekodi sifuri ni uzushi. Kwa kazi za aina hii tumetia hesabu ndogo mwishoni: rekodi zikiwa sifuri, programu hujibadilishia mpangilio yenyewe kwa amri ya CHGJOB LOG(4 00 *SECLVL) kisha huendelea hadi mwisho. Huanza usiku ikiwa imenyamaza, na ikiona ajabu hujifungua mdomo. Mtu mmoja aliniambia hilo ni kuzunguka. Labda. Mimi naliona ni jambo la adabu, kama mlinzi anayekohoa akiona mlango u wazi hata kama hajaona mwizi.

Lini, sasa. Maana hadi hapa nimesema kama logi itoke au isitoke, na swali la wakati ni jingine. Tangu toleo la V5R4 la mwaka 2006 kuna mpangilio wa LOGOUTPUT, unaoweza kuuweka kwenye JOBD, kwenye kazi moja, au kwa mfumo mzima kupitia QLOGOUTPUT. *JOBEND ni njia ya zamani: kazi yenyewe huandika daftari lake kabla ya kufa. *JOBLOGSVR hukabidhi uandishi kwa seva ya logi, kazi ikaenda zake. Na *PND haiandiki kitu. Daftari linabaki palepale likiwa linasubiri, na mwenye kulitaka hulitazama kwa amri ya WRKJOBLOG au DSPJOBLOG.

Mimi ni mtu wa *PND, nasema bila kuona haya. Logi ni ya kusomwa na mtu mmoja, asubuhi, mara moja. Kwa nini igeuzwe faili ya kuchapishwa, kurasa na vichwa vya kurasa, ilhali printa ilikufa zamani? Ikisubiri palepale naifungua, natazama ujumbe, nabonyeza kupata maelezo yake, nafunga. Lakini usinisikilize nusu: daftari linalosubiri nalo hushikilia kazi isizikwe, sawa na faili ya spuli. Anayeweka *PND bila ratiba ya kusafisha anarudi kwenye asilimia 90 kwa njia ya uani. Sisi husafisha kila Jumapili, na hilo limeandikwa kwenye kalenda ya ukutani, ile ya duka la vifaa, si kwenye kichwa cha mtu.

*JOBLOGSVR naiacha kwa kazi kubwa za kufunga mwezi, zile ambazo nyingine zinazisubiri mlangoni. Kazi yenye logi ndefu ikiambiwa iandike yenyewe hukawia kuondoka, na foleni nzima nyuma yake hukawia nayo. Kwa kazi ndogo tofauti huioni.

Kuna mwenzangu ambaye huniambia haya yote ni bure, tuandike kila kitu, diski siku hizi ni rahisi. Diski ni rahisi, nakubali. Macho je? Yule mzee wa Likoni hakukosa karatasi.

Na mkaguzi? Nilikaa naye safari iliyopita, tukaagiza chai, nikamwuliza anataka kujua nini hasa. Alitaka kujua kazi gani ilikwenda, saa ngapi, ikamalizika vipi, na nani aligusa nini. Nikamwonyesha QHST, daftari la historia la mfumo: CPF1124 kazi inapoanza, CPF1164 inapomalizika pamoja na namba yake ya mwisho. Nikamwonyesha jarida la ukaguzi, QAUDJRN, linaloandika nani alibadilisha ruhusa na nani alifuta. Yote hayo yapo, logi za kazi ziwepo zisiwepo. Akanyamaza kidogo, kisha akasema ripoti ya miaka yote ilikuwa ikinakiliwa kutoka ripoti ya mwaka uliotangulia. Nilimheshimu kwa kulikiri hilo.

Nilimwongezea moja. Ukiwasha LOGCLPGM, amri za programu ya CL huandikwa daftarini, na amri huweza kubeba ndani yake jina la mteja, namba ya kitambulisho, namba ya simu. Tangu 2019 tuna Sheria ya Ulinzi wa Data hapa Kenya. Rundo la logi ambalo hakuna alisomaye, na ambalo opereta yeyote aweza kulifungua, ni rundo la habari za watu zilizohifadhiwa bila sababu. Kumbukumbu kamili aliyoitaka yule mkaguzi wa kwanza ilikuwa inaelekea huko.

Sina hakika bado na jambo la kazi zinazosimama kuuliza. Programu ya CL isiyodaka kosa lake haifiki kwenye mnyororo ule, hutoa ujumbe CPA0701 na kungoja mtu ajibu: ifute, ipuuze, ijaribu tena. Usiku hakuna wa kujibu, kazi inakaa hapo hadi kukicha, na maadamu haijamalizika, namba ya mwisho haipo na *NOLIST haina la kusema. Unaweza kuiambia mashine ijijibu yenyewe kwa kuweka INQMSGRPY(*DFT). Nimeiweka kwenye baadhi ya kazi. Kwenye kazi ya bili nimeiacha isimame, maana bora nimkute mgonjwa asubuhi kitandani kuliko nikute amejiandikia dawa. Meneja hapendi, kwa sababu siku hiyo bili huchelewa hadi saa nne. Tunalizungumza.

Leo asubuhi nilifika mapema, barabara ilikuwa nyepesi. WRKJOBLOG ilikuwa na daftari mbili tu. Moja ni ya kunakili akiba: kanda imekosa kusomeka, namba 20. Ya pili ni ya ada za hifadhi, imemalizika salama, rekodi sifuri, imekohoa. Nikapiga simu uwanjani. Jana walikuwa wamefunga mapema, mvua, na hakuna aliyeingiza makontena ya jioni kwenye mashine. Kijana wa uwanjani akaniuliza nimejuaje nikiwa sijatoka afisini.